Daraja la Jumla

Siku ya mwisho ya kuwasilisha mafaili ya tathmini, duka la fotokopi lililo mkabala na ofisi ya elimu hugeuka soko. Walimu wamepewa mwaka mzima wa kukusanya ushahidi wa kazi yao, na mwaka mzima wameutupa, sasa wanasukumana mlangoni kama watu waliosikia sukari imeshuka bei. Kila mmoja amekumbatia bahasha. Ndani yake mna maandalio ya masomo, mna picha za mwenyewe akicheka na chaki mkononi, mna barua ya mzazi aliyebembelezwa aiandike. Mashine ni mbili, na siku hiyo moja ilikuwa imekula karatasi tangu saa tatu asubuhi na haikutaka kuzitapika.

Katikati ya msukumano huo alisimama mwalimu wa hisabati ambaye wanafunzi walimpachika jina la Desimali. Alikuwa hana mzaha na nukta. Nukta ikihama, aliwaambia, nyumba nzima imehama. Jina likamkaa hata walimu wenzake wakalisahau lile alilozaliwa nalo. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye mikono mifupi na mkanda mwembamba kiunoni, na nywele zake alizibana nyuma kwa haraka ya mtu aliyetoka darasani mbio. Alikuwa mzuri, naye hakuwa na nafasi ya kulifikiria jambo hilo.

Mashine ilipotema karatasi zake, mkono wa mwanamume ukazizoa pamoja na zilizotangulia. Alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, mfukoni kalamu mbili. Alianza kusoma ukurasa wa juu kwa sauti ya kutosha kusikika na nusu ya foleni.

“‘Mwalimu huyu anafundisha kwa moyo wake wote.’ Hii si yangu. Mimi moyo wangu haujawahi kufundisha mtu.”

“Nipe karatasi zangu.”

“Nakupa. Ila niambie kwanza, mzazi huyu aliandika mwenyewe, au uliandika ukampa asaini?”

“Aliandika mwenyewe. Mimi nilimsahihishia herufi kubwa tu.”

Jamaa alicheka, akazipanga karatasi za Desimali moja moja kwa namba za kurasa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akamwambia ana chaki kwenye nywele, hapo juu ya sikio.

“Iache,” alisema Desimali. “Hiyo nayo ni ushahidi.”

Hapo ndipo mwanamume aliponaswa, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa anatafuta mke siku ile, alikuwa anatafuta wino. Waliagana na namba za simu. Desimali alidhani ni mwalimu mwenzake. Ilikuwa katika simu ya tatu, wakiwa wameshaanza kuitana majina yasiyofaa kusikiwa na mkubwa wa kazi, jamaa alipotaja kama kitu kidogo tu kwamba yeye ni mtathmini katika ofisi ya elimu, wale wanaotumwa shuleni kukaa nyuma ya darasa na fomu. Kule kazini walimwita Vigezo.

“Kwa hiyo ndiye wewe tunayekuogopa,” alisema Desimali.

“Mwogopeni mwingine. Mimi nimeshashindwa, mwalimu wangu.”

Mwezi uliofuata matokeo ya tathmini yalitoka, na Desimali akapata Wastani. Hakushangaa, ila aliumia. Mwaka ule mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji, na yeye alikosa shule wiki sita, mtathmini alikuja mara mbili akakuta darasa halina mwalimu. Fomu haina mahali pa kuandika kwamba mama anaumwa. Vigezo alimpigia kila jioni saa moja, akamfariji, akamtania, akamwimbia vibaya mpaka akacheka. Lakini jambo moja halikufarijika. Desimali alikuwa bado kwenye mkataba wa majaribio, na sheria ya majaribio ilikuwa fupi: Wastani mbili mfululizo, mkataba unakwisha, na mtu anaonyeshwa mlango. Alibakiwa na mwaka mmoja wa kupata Nzuri au Bora, athibitishwe kazini, au aache kazi pekee aliyowahi kuitaka.

Mapenzi yao yalistawi mwaka huo. Walikuwa wakikutana Jumamosi kwenye bustani ya maktaba, yeye na madaftari ya kusahihisha, Vigezo na mfuko wa karanga. Vigezo alimjua mama, akamletea dawa kutoka duka la mbali, mama akaanza kumwita mkwe kabla hajaambiwa. Vigezo alikuwa mtu wa huruma nyingi na kusoma kidogo. Maelekezo ya dawa alimwachia Desimali ayasome. Desimali aliliona hilo akalicheka, kama tunavyocheka kasoro za watu tunaowapenda, tukidhani hazitatuhusu.

Muhula wa pili orodha ya watathmini ikabandikwa ubaoni, na mbele ya jina la shule yake pakaandikwa jina la Vigezo.

Desimali alitaka waseme. Ukurasa wa kwanza wa fomu una kisanduku cha kutangaza uhusiano; atie alama, aletwe mtu mwingine, wamalize. Vigezo alimwambia mtu mwingine huyo ni nani: ni Bi Rula, mama mmoja mwembamba aliyekaa kwenye tathmini miaka kumi na moja na hajawahi kumpa mtu alama ya nne, ile ya juu kabisa. Walimu walimwombea mafua siku za ukaguzi.

“Unataka Bi Rula akae nyuma ya darasa lako mwaka huu?” aliuliza. “Mwaka huu, kipenzi?”

Desimali hakukitaja tena kisanduku kile. Kosa hilo lilikuwa la wote wawili, na yeye hakuwahi kulikana baadaye.

“Basi kubali kitu kimoja,” alisema mwishowe. “Andika unachokiona. Usiniongezee, usinipunguzie.”

“Nakuapia.”

“Usiape. Andika.”

Siku ya kuonwa, somo lilikuwa wastani, ile hesabu ya kujumlisha na kugawa. Mwalimu mkuu naye aliingia, mtu mnene mwenye tabia ya kufutia miwani kwa tai yake, akaketi kando ya Vigezo bila kualikwa. Desimali aliwaita mbele wanafunzi wawili, mmoja anavaa kiatu namba thelathini na sita, mwingine arobaini na nne. Wastani wao ni ngapi? Arobaini. Akawauliza darasa: nikienda dukani nikawanunulia hawa jozi mbili za arobaini, nimefanya hesabu sahihi, sivyo? Mmoja ataburuza, mwingine atatembea pekupeku, na hesabu yangu imetimia. Basi wastani unatuambia nini, na unatuficha nini? Darasa lililipuka kwa kicheko, halafu likatulia likafanya kazi. Mwisho wa kipindi aliwapa swali, na kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, thelathini na wanane walipata. Vigezo alikuwa akiandika kwa kasi, na alipoinua macho, macho yalikuwa yanang’aa kiasi kwamba msichana wa dawati la pili alimgusa mwenzake kiwiko.

Penzi ni kikohozi. Hata kwa mtathmini halisitiriki.

Wiki mbili baadaye bahasha zikagawiwa katika chumba cha walimu. Desimali aliifungua ya kwake akiwa amesimama. Nguzo za tathmini zilikuwa nne. Maandalizi, nne. Usimamizi wa darasa, nne. Wajibu wa kikazi, nne. Ufundishaji, mbili. Chini kabisa, kwenye mstari wa daraja la jumla, neno moja kwa mhuri wa zambarau: Wastani.

Alitoka nje mpaka nyuma ya maabara, akampigia.

“Umepata ngapi, laazizi?” Sauti ya Vigezo ilikuwa imejaa bashasha. “Bora, au sio?”

“Wastani.”

“Haiwezekani. Nimepiga hesabu mwenyewe. Nne, nne, nne na mbili, ni kumi na nne. Gawa kwa nne, tatu nukta tano. Inapanda, inakuwa Bora.”

“Nani alikwambia daraja la jumla linapatikana kwa kugawa?”

Alisikika akipekua karatasi upande wa pili.

“Ukurasa wa tisa,” alisema Desimali. “Daraja la jumla haliwezi kuzidi alama ya nguzo ya ufundishaji. Ufundishaji mbili, jumla mbili. Hata hizo tatu ungenipa mia, jumla ni mbili. Uliketi kwenye darasa langu nikifundisha wastani unavyodanganya watu, ukaandika, ukacheka, ukatoka ukaenda kugawa kwa nne.”

“Sikujua.”

“Na hiyo mbili niliipata wapi? Uliona mbili?”

Ndipo akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka. Walipotoka darasani siku ile mwalimu mkuu alimshika bega, akamuuliza kwa utani kama alikuwa anamtathmini mwalimu au anamtazama. Utani ule haukumtoka kichwani. Alikwenda nyumbani, akaona nne zote zitamchoma, akatafuta mahali pa kupunguza. Akapunguza moja tu, akijua, yaani akidhani, kwamba nyingine zitaibeba.

“Nilikuwa nakulinda,” alisema.

“Ulikuwa unajilinda. Mimi ulinitumia kama ngao.”

Akakata simu. Siku nane zilizofuata hakuipokea, na Vigezo alipiga mara nyingi hata mama, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akauliza kama nchi imevamiwa. Desimali alimwambia ni watu wa matangazo. Mama alimtazama mwanawe anavyokatakata mboga kwa hasira, akasema watu wa matangazo siku hizi wanakera kweli, mpaka wanamliza mtu. Usiku ule Desimali alilala kando ya mama kama alipokuwa mdogo. Alilia kwa ajili ya kazi. Alilia pia kwa sababu alikuwa anaikumbuka sauti ya yule mjinga, na hilo lilimuuma kuliko kazi.

Siku ya tisa Vigezo alikuja mwenyewe. Alipanda ghorofa zote tano za jengo, shati halikunyooshwa, ndevu zimechipua. Hakuleta maua wala chokoleti. Alileta daftari lake la uangalizi, lile analoandikia akiwa nyuma ya darasa kabla ya kujaza fomu, akalifungua kwenye ukurasa wa siku ile. Mwandiko wake ulikuwa umekimbia kwa furaha: mfano wa viatu, darasa zima linashiriki, 38 kati ya 41 sahihi, mwalimu anauliza kuliko kueleza, sijaona somo kama hili mwaka huu.

“Niliandika nilichokiona,” alisema. “Hapa niliandika.”

Desimali alisoma mara mbili, na moyo ukaanza kulainika bila ruhusa yake. Kisha akili ya hisabati ikaamka. Alikimbilia ndani, akarudi na fomu yake iliyojaa mistari ya kalamu. Ukurasa wa kumi: mwalimu ana siku kumi na nne za kukata rufaa, na alama isiyolingana na maandishi ya uangalizi, kamati ya rufaa inaweza kuisahihisha papo hapo. Maandishi yalisema nne. Alama ilisema mbili. Kesi ilikuwa imejimaliza yenyewe.

Walikaa kwenye ngazi, magoti yakigusana, majirani wakiwaruka na ndoo zao. Alimweleza taratibu, kama anavyomweleza mwanafunzi wa dawati la nyuma. Kamati itamuuliza maswali mawili tu. La kwanza, je, maandishi haya ni yako na ni ya kweli? La pili ni la desturi, wanamuuliza kila mtathmini: je, una uhusiano na mwalimu huyu nje ya kazi?

“La kwanza sema ndiyo. La pili sema hapana. Usiongeze neno.”

“Nikukane?”

“Kwa nusu saa. Nikithibitishwa, tutakwenda kuitangaza hata kwa kipaza sauti.”

“Desi, mimi nimechoka kujificha. Ndiko kujificha kulikotufikisha hapa.”

“Najua. Nami nitatia saini kwamba hatuna uhusiano, mimi niliyemnyang’anya mtoto karatasi kwa kuchungulia jibu moja. Unadhani napenda? Nakuomba nusu saa ya kunyamaza. Sijawahi kukuomba kitu.”

Desimali alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama mpaka akaitikia. Wakacheka, wakabusiana, jirani mmoja akakohoa kwa makusudi. Jioni hiyo Vigezo alikula kwao, mama akamwongezea nyama bila kuuliza walikosania nini. Yeyote aliyewaona mezani angeapa kwamba mambo yamekwisha.

Rufaa ilisikilizwa Jumanne saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Desimali alivaa sketi nyeusi na blauzi ya rangi ya maziwa, vifungo mpaka shingoni. Kamati ilikuwa watu watatu, na katikati yao, kalamu zake zimepangwa sambamba, aliketi mwenyekiti. Alikuwa Bi Rula.

Desimali alitoa maelezo yake hata hivyo, kwa dakika sita. Bi Rula hakumkatiza. Alichukua daftari la Vigezo, akasoma neno kwa neno, akarudia kwenye mfano wa viatu, na pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. Aliuliza swali moja, kwamba je, aliyevaa thelathini na sita na aliyevaa arobaini na nne walijisikiaje kuitwa mbele ya wenzao? Desimali alijibu kwamba aliwaomba ruhusa siku moja kabla. Bi Rula aliandika kitu.

“Watu husema mimi sitoi nne,” alisema. “Sijawahi kuandikiwa somo kama hili. Hii ni nne. Ningekuwa nyuma ya darasa lile, ningeandika nne.”

Desimali alifumba macho. Miezi yote walikuwa wamemkimbia mtu huyu, naye ndiye pekee aliyesoma.

Vigezo aliitwa, akaingia katika suti ya kijivu ambayo Desimali hakuwahi kuiona. Je, maandishi haya ni yake na ni ya kweli? Ndiyo. Bi Rula alikuwa ameshachukua kalamu nyekundu, anakata ile mbili, na la pili aliuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayemuuliza mgeni kama amefika salama.

“Una uhusiano wowote na mwalimu huyu nje ya kazi?”

Vigezo alimtazama Desimali. Desimali alilijua lile tazamo, la mtu aliyeamua kufanya jambo kubwa, akatikisa kichwa polepole. Vigezo alidhani anaona haya.

“Ndiyo,” alisema. “Nampenda. Huu mwaka wa pili sasa. Niliipunguza alama yake kwa woga wangu, na leo sitamkana mbele ya mtu yeyote.” Akamwaga mtama kwenye kuku wengi, wote, punje kwa punje: fotokopi, bustani ya maktaba, chakula cha mama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijisanduku chekundu, akakifungua juu ya meza, katikati ya karatasi za rufaa. “Nataka anioe, yaani, nataka kumuoa. Mbele yenu.”

Mwandishi wa kumbukumbu, msichana mwenye miwani mikubwa, alipiga makofi mawili kabla ya kugundua yuko peke yake.

Bi Rula aliweka kalamu chini. Alivuta fomu ya rufaa, akaigeuza imwelekee Desimali, akaweka ncha ya kidole juu ya saini.

“Mwalimu, hapa umeandika hakuna uhusiano.”

“Ndiyo.”

“Umeandika wewe?”

“Mimi.”

Bi Rula alionekana amechoka ghafla. Alifungua ukurasa wa kumi na moja, wa mwisho, akasoma kwa sauti isiyo na ubaya wowote, na hiyo ndiyo iliyoua. Tathmini iliyofanywa na mtu mwenye uhusiano wa karibu na anayetathminiwa ni batili yote. Mwaka usio na tathmini halali utahesabiwa kwa daraja la mwaka uliotangulia. Daraja la mwaka uliotangulia, akafungua faili, lilikuwa Wastani. Na tamko la uongo litabaki kwenye kumbukumbu za mwalimu. Akasema anasikitika, na alikuwa anasikitika kweli. Kisha akamgeukia Vigezo, akamwambia kamati inatambua kwamba amesema kweli kwa hiari yake, na jambo hilo litaandikwa.

Pete ilibaki wazi pale mezani. Vigezo bado alikuwa anatabasamu, maana tabasamu huchelewa kupata habari.

Vigezo alimkuta Desimali mwisho wa korido, amesimama dirishani, mkoba begani.

“Ulijua?” aliuliza Desimali.

“Nilidhani watakuletea mtathmini mwingine, akuone upya. Bi Rula mwenyewe ikibidi. Nilidhani...”

“Ulisoma wapi?”

“Sikusoma. Ilikuwa inaeleweka hivyo.”

“Unapima watu miaka saba kwa karatasi ya kurasa kumi na moja, na hujawahi kufika ya kumi na moja.”

“Sikuweza kukukana. Nimekesha nikijaribu kulitamka. Hapana, hapana. Lilikataa kutoka, mpenzi. Mtu anayekupenda atalitamkaje?”

“Kwa mdomo,” alisema Desimali. “Lina silabi tatu.”

Vigezo alimshika mkono. Akamwambia wataoana mwezi ujao, hana haja ya kuhangaika na chaki tena, yeye atafanya kazi kwa ajili ya wote wawili na mama juu. Alisema kwa machozi ya kweli machoni. Alikuwa anampenda, na Desimali alijua kwamba anapendwa, na hakukuwa na chochote cha kushikilia katika kujua huko. Aliuchomoa mkono wake kidole kwa kidole.

“Sikukuomba unilishe,” alisema. “Nilikuomba unyamaze.”

Barua ya kumaliza mkataba ilifika Ijumaa. Mama, ambaye alisikia habari za pete kabla ya habari za kazi, alisherehekea asubuhi nzima, akawapigia dada zake watatu, na Desimali hakuwa na moyo wa kumkatiza mpaka chakula cha mchana. Baadaye mama alisema yule kijana ana moyo mzuri. Desimali akasema ni kweli. Mama akasema moyo mzuri bila kichwa ni maji ya moto bila birika, yanamwagikia aliye karibu. Hawakumtaja tena.

Wiki ya tatu alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi la shule moja ya binafsi, upande wa pili wa mji, akijaza fomu ya maombi juu ya goti. Simu ikalia. Namba alikuwa ameifuta lakini macho yaliitambua. Alipokea kwa sababu alikuwa peke yake na kwa sababu mtu hapoi kwa wiki tatu.

“Nina habari njema,” alisema Vigezo. Sauti ilikuwa ileile, na bado ilimfikia palepale ilipokuwa ikimfikia. “Na sisi watathmini tunatathminiwa, unajua. Nimepata Bora. Mara ya kwanza tangu nianze kazi. Unajua wameandika nini kwenye uadilifu? ‘Mkweli hata pale ukweli unapomgharimu.’ Nikaona wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Wananipandisha cheo, Desi. Sasa tunaweza kupanga vizuri.”

Desimali aliihamisha simu sikio la pili.

“Ulikugharimu nini?”

“Nini?”

“Ukweli. Wameandika unakugharimu. Ulikugharimu nini?”

Alimsikia akivuta pumzi, akifikiri kwa bidii, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu na alitaka kujibu swali alivyoulizwa.

“Nilipewa onyo la mdomo,” alisema.

Desimali alicheka. Alicheka mpaka karani wa mapokezi akainua kichwa, mpaka akalazimika kuinama na kuishika fomu isidondoke, na Vigezo, aliyekikosa kicheko hicho kwa wiki tatu nzima, akaanza kucheka naye kwa furaha, akasema ndiyo hivyo mpenzi wangu, ndiyo nilichokuwa nakikosa. Desimali akamwambia hongera, akakata, akaizima simu kabisa.

Kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kurudi kwenye fomu. Alikuwa amefika kisanduku cha sita, kinachouliza daraja la jumla la mwombaji kwa miaka miwili iliyopita. Aliandika Wastani, akaandika Wastani, kwa mwandiko mzuri, akampelekea karani.